Jedwali, mstari, miduara au kuanzia kwenye majibu: fumbo lipi la mantiki lina njia ipi?

Nilikuwa nimechora visanduku 36 kwenye karatasi ya rafu, sita kwa sita, nikitumia ukingo wa kitambulisho kama rula. Kumi na vinne vilikuwa na msalaba. Ishirini na viwili vilikuwa vitupu, na hakukuwa na mstari hata mmoja, wa kulala wala wa kusimama, uliobakiwa na kisanduku kimoja cha kuniambia "huyu yuko hapa". Saa ya ukutani ilikuwa imeshakula dakika saba. Dada aliyekaa mbele yangu alichora vistari vitatu vifupi pembeni mwa swali, akajaza herufi, akafunua ukurasa.

Ulikuwa usaili wa mchujo wa kazi, ukumbi umejaa, nafasi za kuhesabu kwa vidole. Kilichonikera zaidi nilikiona jioni nyumbani: swali lenyewe halikuwa gumu. Nililimaliza kwa dakika mbili nikiwa nasubiri chai ichemke. Kule ukumbini nilikuwa nimeshika jembe kupasulia kuni.

Tangu siku ile nimekaa mezani na wadogo zangu na marafiki wengi wanaojiandaa na mitihani ya ushindani, na nimeona kosa lile lile likijirudia. Mtu anajifunza njia moja, kwa kawaida jedwali la misalaba (visanduku unavyotia msalaba kila pasipowezekana) kwa sababu linapendeza macho, halafu anataka kulitumia kwa kila fumbo. Hapa nalinganisha njia nne zinazotumika sana, pamoja na ya tano ambayo wengi hawaihesabu kuwa njia. Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii:

| Njia | Masharti yanazungumzia nini | Gharama | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Mstari wa nafasi | Nani kabla, nani baada, nani kando | Ndogo | Watu, kazi na miji bila mpangilio wowote |
| Jedwali la misalaba | Nani ana nini | Kubwa | Mpangilio, ujirani |
| Miduara | Wote, baadhi, hakuna | Ndogo | Makundi manne na kuendelea |
| Mishale | Kama hiki, basi kile | Ndogo sana | Penye nafasi za kupanga |
| Kuanzia kwenye majibu | Chochote, mradi swali linauliza "lipi linawezekana" | Haina mchoro | "Lipi ni lazima liwe kweli" |

Mwenye mtihani kesho asubuhi anaweza kuishia hapo. Mwenye wiki mbili aendelee.

Foleni ya watu sita

Nalirudia fumbo la aina iliyonikwamisha, nimelitunga upya kwa majina mengine. Watu sita wamepanga foleni dirishani: Asha, Baraka, Chiku, Daudi, Eliza na Faraji. Masharti ni manne. Kwanza, Chiku yuko nyuma ya Asha moja kwa moja, hakuna mtu katikati yao. Pili, Baraka si wa kwanza wala si wa mwisho. Tatu, Daudi yuko mbele ya Eliza na kati yao wamo watu wawili kamili. Nne, Faraji yuko mbele ya Asha, popote pale.

Kwa jedwali unaweka watu upande mmoja na nafasi 1 hadi 6 juu, kisha unafuta yasiyowezekana. Asha hawezi kuwa wa 6 maana Chiku yuko nyuma yake, wala wa 1 maana Faraji yuko mbele yake. Chiku hawezi kuwa wa 1 wala wa 2. Baraka hawezi 1 wala 6. Daudi anabaki katika 1 hadi 3, Eliza katika 4 hadi 6, Faraji hawezi 5 wala 6. Hesabu misalaba: 14. Umefanya kila kitu sawasawa na bado huna jibu la swali lolote, kwa sababu jedwali linajua kusema "huyu hayupo hapa" lakini halina pa kuandika "hawa wawili wanatembea pamoja". Sharti la Asha na Chiku ndilo lenye nguvu kuliko yote, na jedwali limelivunja vipande likakupa makombo.

Sasa mstari. Tafuta sharti linalobana zaidi, lile lenye nafasi chache za kukaa. Hapa ni la Daudi na Eliza. D, pengo, pengo, E: linaweza kukaa sehemu tatu tu katika nafasi sita. Basi unachora mistari mitatu:

D _ _ E _ _
_ D _ _ E _
_ _ D _ _ E

Kisha unachukua AC kama mtu mmoja mnene anayehitaji nafasi mbili zilizopakana. Mstari wa kwanza: AC inaingia nafasi 2 na 3, au 5 na 6. Ikikaa 2 na 3, Faraji hana pa kukaa mbele ya Asha, kwa hiyo ni 5 na 6, na Baraka na Faraji wanagawana 2 na 3 vyovyote wapendavyo. Mstari wa pili: AC ni lazima ikae 3 na 4, Faraji wa 1, Baraka anabaki wa 6, na sharti la pili linakataa. Futa mstari wote. Mstari wa tatu: AC ikikaa 1 na 2 Faraji anakosa nafasi mbele, kwa hiyo inakaa 4 na 5. Zimebaki 1 na 2. Baraka si wa kwanza, basi Faraji wa 1 na Baraka wa 2.

Foleni zinazowezekana ni tatu, hakuna ya nne:

D F B E A C
D B F E A C
F B D A C E

Maswali yote ya fumbo hili sasa yanajibiwa kwa macho. Faraji akiwa wa kwanza, nani wa mwisho? Eliza. Nani anaweza kuwa wa nne? Eliza au Asha. Na lile swali ambalo watunzi wanalipenda, lipi ni lazima liwe kweli? Shuka na jicho katika foleni zote tatu: Baraka na Faraji wamepakana kila mara. Hakuna sharti hata moja lililowataja wawili hao pamoja. Kwenye jedwali langu la visanduku 36 jambo hili lisingeonekana hata ningekaa mpaka jioni.

Ndiyo maana kwa fumbo lolote la foleni, ratiba ya siku za wiki, ghorofa za jengo, mbio au viti vya basi, nachagua mstari bila kufikiria mara mbili. Meza ya duara nayo ni mstari uliokunjwa: chora mduara, mkalishe mtu mmoja popote, kisha wapange wengine kumzunguka. Mtego wa meza ya duara uko kwenye mkono. Wakitazama katikati, aliye kulia kwako anapatikana ukizunguka kinyume cha mishale ya saa. Wakitazama nje inageuka. Mimi huchora kishale kidogo kwenye kila kiti kuonyesha uso ulikoelekea, maana nikiiachia akili ikumbuke, baada ya sharti la tatu inachanganya.

Kasoro ya mstari ni moja kubwa. Ukikosea kuchagua sharti la kuanzia, unaweza kujikuta na mistari tisa au kumi, na hapo umepotea. Ningeanza na sharti la Faraji mbele ya Asha ningekuwa na uwezekano mwingi kiasi cha kukata tamaa. Kanuni yangu ni hii: kama sharti la kwanza linazaa michoro zaidi ya minne, nimeanza mlango usio wake.

Jedwali lina siku yake

Nisilikashifu mno. Angalia hili. Neema, Juma, Rehema na Kato wanatoka Tanga, Mwanza, Dodoma na Mbeya, kila mmoja mji wake. Mmoja ni mwalimu, mmoja muuguzi, mmoja fundi umeme, mmoja mhasibu. Neema si mwalimu wala si muuguzi, na hatoki Tanga. Anayetoka Mwanza ni muuguzi. Juma anatoka Dodoma. Rehema si muuguzi. Fundi umeme hatoki Dodoma wala Mbeya.

Utachora mstari gani hapa? Hakuna wa mbele wala wa nyuma. Ni watu, miji na kazi, na masharti yanaruka kutoka kundi moja kwenda jingine. Hapa jedwali ndilo mwenye nyumba. Unahitaji majedwali madogo matatu, watu kwa miji, watu kwa kazi, miji kwa kazi, visanduku 16 kila moja. Fundi umeme hatoki Dodoma wala Mbeya, na Mwanza imeshachukuliwa na muuguzi, kwa hiyo ni wa Tanga. Neema hatoki Tanga, basi si fundi, na kwa kuwa alishakataliwa ualimu na uuguzi, ni mhasibu. Juma wa Dodoma si muuguzi wala si fundi, uhasibu umechukuliwa, basi ni mwalimu. Rehema si muuguzi, anabaki na ufundi, na Tanga. Kato ni muuguzi wa Mwanza. Mbeya inabaki kwa Neema.

Umeona mnyororo ulivyokwenda: msalaba wa jedwali la miji na kazi umezaa alama kwenye jedwali la watu na kazi. Huo uhamisho ndio kazi ya jedwali, na ndio watu wengi wanausahau. Wanaweka msalaba mahali pamoja wanaendelea na sharti linalofuata, halafu wanalalamika fumbo halifunguki. Kila ukipata alama ya ndiyo, simama, futa mstari wake wa kulala na wa kusimama, kisha ipeleke kwenye jedwali la jirani.

Lakini pima gharama. Visanduku 48 mimi huvichora kwa zaidi ya dakika moja, na hiyo ni kabla ya kusoma sharti hata moja kwa makini. Mafumbo makubwa yanatisha zaidi. Lile fumbo maarufu la nyumba tano na pundamilia, lililochapishwa katika Life International Desemba 1962 na ambalo watu hupenda kusema ni la Einstein bila ushahidi wowote, lina makundi sita ukihesabu nafasi ya nyumba. Ukitaka jedwali kamili la kila kundi dhidi ya kila kundi, ni majedwali 15 ya visanduku 25, jumla 375. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayechora hivyo na saa inakwenda.

Dawa yake ni kuchanganya: mstari wenye ghorofa. Nafasi za nyumba 1 hadi 5 juu, chini yake safu ya rangi, ya uraia, ya mnyama, ya kinywaji, ya sigara. Visanduku 25 basi. Unajaza unachokijua na unaandika pembeni vipande vinavyosubiri kupachikwa, mfano "nyekundu ni ya Mwingereza". Kokote ambako masharti yanataja nafasi na sifa kwa pamoja, chagua hii na uache jedwali kamili kwa wanaotatua mafumbo kitandani Jumapili.

Wote, baadhi, hakuna

Sehemu hii ni fupi kwa karatasi lakini inaangusha wengi, kwa sababu lugha yetu ya kila siku inatudanganya. Ukiambiwa "baadhi ya walimu wamelipwa", unaelewa kuna ambao hawajalipwa, na una haki ya kuelewa hivyo. Mtihani hauelewi hivyo. Kwenye mtihani "baadhi" maana yake ni angalau mmoja, na huenda wote.

Chukua: wafanyabiashara wote ni walipakodi. Baadhi ya walipakodi ni wakulima. Je, inafuata kwamba baadhi ya wafanyabiashara ni wakulima?

Kuna namna mbili za kuchora miduara na watu huzichanganya. Ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, unachora hali kama unavyoiona: mduara mdogo wa wafanyabiashara ndani ya mkubwa wa walipakodi, kisha mduara wa wakulima unaoukata ule mkubwa. Tatizo ni mkono. Mkono unapenda kuupitisha mduara wa wakulima katikati, ukaugusa na ule mdogo, na macho yakishaona yamegusana, unajibu ndiyo. Ya John Venn, aliyeieleza mwaka 1880, inakulazimisha kuchora miduara mitatu ikiwa imepishana yote kwanza, kabla ya kujua lolote. Halafu unatia kivuli sehemu isiyo na watu, yaani wafanyabiashara walio nje ya walipakodi. Kwa "baadhi" unaweka alama ya X. Hapa X inapaswa kukaa kwenye eneo la walipakodi wakulima, lakini eneo hilo limegawanyika mara mbili, penye wafanyabiashara na pasipo. Hujui upande gani, kwa hiyo unaiweka juu ya mpaka wenyewe. X ikiwa mpakani, jibu ni kwamba haifuati.

Euler ni ya haraka, Venn ni ya salama. Kwa sentensi za "wote" na "hakuna" pekee natumia Euler. Neno "baadhi" likitokea hata mara moja, nahamia Venn. Na makundi yakifika manne, naacha miduara kabisa, maana ya nne haichoreki vizuri kwa mduara wa kawaida na utatumia muda kuchora yai.

Anayeomba udaktari vyuo vya Uingereza kupitia mtihani wa UCAT aipe sehemu hii uzito mkubwa kuliko wengine wote. Sehemu yake ya maamuzi, kwa muundo ulioanza 2025, ina maswali 35 kwa dakika 37, na ndani yake mna michoro ya Venn na hoja za aina hiyo ambapo unapewa hitimisho tano na kila moja unajibu ndiyo au hapana. Dakika moja na kidogo kwa swali. Hapo jedwali la visanduku 48 ni kujinyonga.

Mishale, na maneno ya mama

Mama akikuambia "usipomaliza chakula hutoki nje", wewe unajua ukimaliza unatoka. Hakusema hivyo. Alisema tu usipomaliza hutoki. Ukimaliza, bado anaweza kukutuma dukani. Mtihani unasimama upande wa mama.

Kwa masharti ya "kama", mimi huandika mishale. Timu ya mdahalo: Zuhura akichaguliwa, Omari hachaguliwi. Omari asipochaguliwa, Pendo anachaguliwa. Mshale: Z → si O → P. Papo hapo naandika wa kurudi, nikigeuza mwelekeo na kukanusha kila kitu: si P → O → si Z. Swali likisema Pendo anaumwa na hatakuwepo, Zuhura pia yuko nje, sekunde tano. Swali likisema Pendo amechaguliwa, hujui lolote juu ya Zuhura, na hapo ndipo wengi wanapoanguka kwa kuusoma mshale kinyumenyume bila kukanusha.

Mitihani mingi ya aina hii inaandikwa kwa Kiingereza, na maneno mawili yanastahili kukaririwa hata usiku wa mwisho. "Only if" inaelekeza mshale mbele: Zuhura anakwenda only if Pendo anakwenda ni Z → P, wala si P → Z. "Unless" ni "kama si": Omari anakwenda unless Pendo anakwenda ni si P → O. Tukitafsiri kichwani kwa "mpaka" au "isipokuwa" tunaongeza maana isiyokuwemo. Usitafsiri, chora mshale.

Kuanzia kwenye majibu

Wapo wanaoiita njia ya wavivu. Mimi naiona ndiyo inayolipa kuliko zote kwa dakika, mradi swali liwe la aina yake. Rudi kwenye foleni yetu. Swali la kwanza karibu kila mara huwa hili: ipi kati ya hizi inaweza kuwa foleni sahihi?

A. F D A C E B
B. D F A E B C
C. D B F E A C
D. D A C E B F
E. F B D E A C

Usichore kitu. Chukua sharti moja, lipitishe kwenye machaguo yote matano, futa linalovunja, nenda sharti linalofuata. Chiku nyuma ya Asha moja kwa moja: B inaondoka. Baraka si wa mwisho: A inaondoka. Watu wawili kati ya Daudi na Eliza: E inaondoka. Faraji mbele ya Asha: D inaondoka. Imebaki C. Sekunde thelathini, na mwenye mazoezi anatumia pungufu. Wengi hufanya kinyume chake, wanachukua chaguo moja na kulipima kwa masharti yote manne, kisha la pili, na hapo wanasoma masharti mara tano badala ya mara moja.

Lakini swali likigeuka kuwa "lipi ni lazima liwe kweli", njia hii inakusaliti. Chaguo likionekana sawa katika mfano mmoja bado hujathibitisha kitu. Hapo inakubidi uwe na mistari yako. Ingawa kuna ujanja: foleni sahihi uliyoipata kwenye swali la kwanza ni silaha. Chaguo lolote linalopingana na D B F E A C haliwezi kuwa la lazima, lifute. Mara nyingi mawili matatu yanaondoka hivyo bila jasho.

Hata lile fumbo la utotoni la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto na mtumbwi mdogo linatatuliwa hivi hivi, kwa kujaribu na kukataa. Hakuna aliyelichorea jedwali.

Mtihani wenyewe nao unachagua

Kabla ya kuamua ufanye mazoezi ya njia ipi, soma kanuni za alama. UCAT haikati alama kwa jibu la kosa, kwa hiyo usiache swali tupu, na kuanzia kwenye majibu ni bora daima kuliko kutojaribu. Mazoezi mengi ya bure utakayoyakuta mtandaoni yametungwa kwa ajili ya mitihani ya India, na huko wanakata. CAT, mtihani wa kuingia vyuo vya biashara vya IIM, unatoa alama 3 kwa jibu sahihi la kuchagua na kukata 1 kwa la kosa. Mitihani ya IBPS, ya kuajiri watumishi wa benki, inakata robo ya alama. Karatasi ya CSAT ya utumishi wa umma inakata theluthi.

Fanya hesabu. CAT ina machaguo manne: ukibahatisha kipofu mara nne, unapata 3 mara moja na kupoteza 1 mara tatu. Sifuri. Benki zina machaguo matano na robo: mara tano, unapata 1 na kupoteza robo mara nne. Sifuri tena. Kanuni hizi zimepangwa kipofu asipate wala asipoteze. Ila ukishaondoa chaguo moja kwa uhakika, mizani inainama upande wako. Kwa hiyo hata pale wanapokata, nusu ya kazi ya njia ya majibu ina thamani yake, wakati jedwali lililojaa nusu halina. Hili ndilo lililonifanya niliteremshe jedwali hadi chini ya orodha yangu.

Angalia pia utaandikia wapi. UCAT inafanyika kwenye kompyuta na unapewa kijitabu cha kurasa za plastiki na kalamu. Usaili wa mchujo wa karatasi unakupa pembe za swali na pengine ukurasa mmoja. Njia inayohitaji rula haifai popote kati ya hapo.

Na tahadhari kwa wanunuzi wa vitabu vya mitumba: ukikuta kitabu cha LSAT, mtihani wa vyuo vya sheria Marekani, sehemu yake ya michezo ya mantiki iliondolewa kwenye mtihani kuanzia Agosti 2024. Kwa anayejiandaa na LSAT yenyewe, sehemu hiyo imekufa. Kwa wewe unayejiandaa na usaili wa hapa, ni hazina. Mafumbo manne kwa dakika 35, mengi yakiwa ya mstari na mishale, na bei imeshuka kwa sababu hakuna anayeyataka.

Ningekuwa na muda fulani tu

Wiki moja: kuanzia kwenye majibu na mishale, basi. Usifungue jedwali. Wiki mbili: ongeza mstari, mafumbo mawili kila siku, na kwenye kila fumbo andika kwanza ni sharti gani umeanzia na limezaa michoro mingapi. Baada ya siku nne utaanza kuliona sharti linalobana kabla hujamaliza kusoma. Mwezi na zaidi: miduara ya Venn, kisha mstari wenye ghorofa. Jedwali kamili liache la mwisho, na ujizoeze kulichora bila rula, visanduku vya kupinda vinatosha.

Mdogo wangu aliniuliza juzi atajuaje ni fumbo la aina gani akiwa na hofu ya chumba cha mtihani. Nilimwambia apigie mstari vitenzi na viunganishi vya masharti, aache majina. Akiona kabla, baada, kando, kati, achore mstari. Akiona ni, si, anatoka, ana, ajiandae na jedwali. Wote, baadhi, hakuna: miduara. Kama, only if, unless: mishale. Tulifanya karatasi nzima hivyo bila kutatua hata fumbo moja, tunataja njia tu na kufunua ukurasa, maswali kumi na mbili kwa dakika nne. Alikosea mawili, yote yakiwa ya mchanganyiko wa nafasi na sifa.